Msaidizi Asiyejua Kuondoka

Kama kuna mtu aliyezaliwa kusimamia wenzake wakila, basi ni Arlys Budzinski. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipika katika shule ya msingi ya Pelkey Falls, kule kaskazini mwa Wisconsin, na katika muda huo wote hakuna mtoto aliyeacha karoti kwenye sahani mbele ya macho yake akasalimika. Alipostaafu alikaa nyumbani, akapanga kabati la bakuli, akalipangua, akalipanga tena. Mumewe alishafariki, na paka wake hakupenda kuzungumzishwa. Haukupita muda akawatangazia wote waliokuwa kwenye foleni ya posta kwamba anafungua kampuni.

Kampuni hiyo aliiita Bega kwa Bega. Kazi yake ilikuwa kumtafutia mtu mwenye ulemavu ajira ya kweli, mahali wanapofanya kazi watu wa kila aina, kwa mshahara kama wa wenzake, kisha kuwa naye palepale kazini mpaka aizoee. Msaada huo hulipiwa na Medicaid, mfuko wa serikali, lakini mfuko haumlipi kila anayejitokeza na moyo mzuri. Lazima kwanza ukubaliwe. Arlys alichukuliwa alama za vidole, akakata bima, akahudhuria mafunzo, akaandika taratibu za kampuni kwa kila janga linaloweza kumpata binadamu: moto, mafuriko, kimbunga, na dubu kuingia mlangoni. Kuhusu dubu hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba si vibaya kujiandaa.

Hatimaye akapewa kibali cha muda, na mteja mmoja wa kuanzia. Mteja huyo ni Corinne Maki, mwanamke wa miaka thelathini na minane, nadhifu, mwenye rangi ya mdomo isiyokosekana na msimamo usiotikisika. Akili ya Corinne hujifunza polepole, tangu kuzaliwa kwake. Kusoma humpa tabu, na ukimwambia mambo manne kwa mkupuo, mawili yatamponyoka. Tangu amalize shule alikuwa kwenye karakana ya watu wenye ulemavu iliyoko nje ya mji, akitia skrubu kwenye vifuko vya plastiki kwa malipo ambayo huwezi kuyaita mshahara bila kucheka. Skrubu, kifuko. Skrubu, kifuko. Siku Arlys alipomuuliza anataka kazi gani, Corinne alijibu kabla swali halijaisha.

"Yoyote isiyo na skrubu."

Wakapata kwa Duane Gessner, mwenye mkahawa wa kando ya ziwa, ambao siku za Ijumaa hujaa watu wanaokuja kula samaki wa kukaanga. Corinne akawa anafunga visu na uma ndani ya vitambaa vya mezani, anaandaa meza, na kupeleka masinia ya figili, seleri na achari kwa wageni wanaosubiri samaki wao. Duane alimpenda tangu siku ya kwanza. Wateja wakamzoea. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo haikuwa ya Corinne.

Kasoro yenyewe ni hii. Katika fani ile kuna jambo wanaloliita kufifia. Siku za mwanzo msaidizi husimama begani kwa mteja wake. Baadaye husogea mlangoni. Baadaye hukaa nje. Mwisho haonekani tena, na mtu anabaki na kazi yake, na bosi wake, na wenzake wa kutaniana nao. Ukiona msaidizi bado yuko begani baada ya miezi kadhaa, ujue ama mteja hafai kwa kazi ile, ama msaidizi hafai kwa kazi yake. Arlys alilijua somo hilo vizuri. Kwenye mtihani wa mafunzo alilipata bila kosa. Lakini kulijua somo ni kitu kimoja na kuitoa miguu jikoni ni kitu kingine, maana kila akifika mlangoni alikumbuka jambo: Corinne amekunywa maji? Viatu vyake vinateleza? Basi anarudi.

"Arlys, uko hapa tena," Corinne husema.

"Napita tu, mpenzi."

"Unapita wapi? Hapa ni ukutani."

Ndipo ikaja habari ya ukaguzi. Ijumaa moja ya Kwaresima, siku ambayo hata wasiopenda samaki hula samaki, mtu wa serikali angefika kuona huduma kwa macho yake. Akiridhika, Bega kwa Bega itakubaliwa moja kwa moja. Asiporidhika, kibali kinakufa, na mteja asiye na mtoa huduma hurudishwa mahali penye nafasi. Na nafasi ilikuwa kule karakana tu. Corinne aliposikia hivyo, alisema neno moja tu: skrubu.

Bibi mmoja wa ofisi ya serikali alimpa Arlys ushauri kwa simu. "Watu wapya huangukia palepale kila mara," akasema. "Mkaguzi anamuuliza mteja, mtoa huduma anadakia kujibu. Akikusikia unamjibia, umekwisha. Ung'ate ulimi."

"Nitaung'ata," Arlys akaapa.

Kuung'ata ulimi aliweza. Mikono ndiyo iliyomshinda.

Ijumaa ile alikuja mapema kuliko mtu yeyote. Alijiambia amekuja kuangalia tu. Lakini akaiona meza ya Corinne iko tupu, akawaza umati utakaoingia, akawaza mkaguzi akikuta rundo dogo la vitambaa, na kwa sababu Corinne hufunga kwa mwendo wake mwenyewe, taratibu na vizuri, Arlys aliona si vibaya akimtangulizia kidogo. Akavaa aproni. Akavaa wavu wa nywele. Akakaa kwenye kiti cha Corinne, akaanza.

Corinne alifika saa yake ya kuingia, akasimama.

"Umekaa kwenye kiti changu."

"Leo tu, mpenzi. Wewe pumzika."

"Sijachoka. Ndiyo kwanza nafika."

"Nakutangulizia kidogo tu, ili tusiaibike."

Corinne akavua koti, akalitundika, akanyoosha kola ya shati lake jeupe la kazi, akakunja mikono kifuani na kusimama nyuma ya kile kiti.

"Kisu umekigeuza," akasema. "Makali yatazame uma. Duane hapendi ulivyokiweka."

"Ndiyo, ndiyo, najua."

"Unajua lakini hufanyi. Fungua. Anza tena."

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Bwana Roland Vanderheiden, mtu mrefu mwenye theluji mabegani. Hakuwa mkaguzi aliyetarajiwa. Yule wa awali alikuwa amelala na mafua, na huyu alitupiwa kazi asubuhi, akaendesha gari safari ndefu kwenye barabara ya barafu akijua jina la kampuni na jina la mkahawa, basi. Mengine yote yalikuwamo kwenye faili, na faili alilisahau kwenye gari, chini ya mfuko wa jibini aliyonunua njiani.

Alichokiona ni hiki: mwanamke nadhifu amesimama wima, anatoa maelekezo kwa upole, na mwanamke mwenye wavu kichwani, miwani imeingia ukungu, anafungua kitambaa kwa mara ya pili. Mkaguzi yeyote mwenye macho angetambua upesi nani ni nani. Naye alitambua upesi, na akakosea.

"Samahani. Natafuta watu wa Bega kwa Bega. Natoka serikalini."

Corinne akamkabili, akamtazama usoni, akampa mkono imara, kama alivyofundishwa. "Ndio sisi. Mimi Corinne. Huyu ni Arlys."

"Nashukuru, Corinne. Mimi Roland. Naomba nikuulize mambo machache, halafu nitaangalia kazi."

"Uliza tu."

Arlys aliinama juu ya visu vyake akang'ata ulimi, na moyoni alifurahi kupita kiasi. Tazama jinsi mtu wa serikali anavyomheshimu mteja! Anamsemesha yeye mwenyewe, wala hamtafuti mtoa huduma! Alitamani yule bibi wa kwenye simu angekuwepo.

"Mko pamoja tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Mwanzoni hali ilikuwaje?"

Corinne akafikiri. "Mwanzoni ilikuwa ngumu. Hakuweza kukaa mbali na mimi hata kidogo. Nikienda chooni, yuko mlangoni."

"Aa. Na sasa?"

"Sasa nikienda chooni anabaki hapa. Ila anaita."

"Hayo ni maendeleo," mkaguzi akasema, akiandika.

"Ni maendeleo," Corinne akakubali.

Hapo Arlys akainua kichwa. Kitu fulani hakikukaa sawa. Akamtazama Corinne, akaiona ile pembe ya mdomo wake, yenye rangi nyekundu iliyopakwa vizuri, imepanda juu kidogo. Corinne hajui kusema uongo, hilo mji mzima unalijua. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba hajui utani.

"Anaelewa maelekezo?" Bwana Roland akaendelea.

"Anaelewa. Ila ukimwambia kitu anakirudia mara tatu, kwa sauti kubwa."

"Kuna kinachomtia hofu?"

"Vingi. Leo anaogopa mtu wa serikali."

"Masikini. Mwambie asiogope."

Corinne akamwekea mkono begani. "Arlys, usiogope."

Uso wa Arlys ukawa mwekundu kama zile figili. Akafungua mdomo. Akaufunga. Usimjibie mteja, usimjibie mteja, ukimjibia umekwisha. Na je, akijijibia mwenyewe? Hilo halikuwamo kwenye mafunzo.

Bwana Roland alikuwa mtu mwenye roho nzuri, na hapo ndipo palipokuwa na balaa lote. Aliona yule mama ana wasiwasi, akataka kumpunguzia. Akachuchumaa kando ya kiti chake, magoti yakalia, akauleta uso wake karibu, akatabasamu kwa meno yote, na kwa sauti ya juu, tamu, ya kuvuta, akasema:

"ARLYS! KAZI YAKO UNAIPENDA? EEH? UNAFUNGA VIZURI SANA! HONGERA SANA!"

Na akapiga makofi, kidogo.

Arlys aliijua sauti ile. Aliijua kwa kila mvuto wake. Haikuwa ya mtu wa serikali. Ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyoitumia jikoni hapo kila Ijumaa tangu Oktoba, mbele ya Duane, mbele ya wapishi, mbele ya wageni wenye glasi zao za brandi, akimpigia makofi mwanamke wa miaka thelathini na minane kwa sababu amefunga uma. Aibu ikampanda. Hakujua kwamba sauti ile inakuwa hivi ukiwa wewe ndiye unayesemeshwa. Ilikufanya utamani kumpiga mtu kwa kisu cha siagi.

Bwana Roland alishasimama na kumgeukia Corinne. "Anaendelea vizuri. Sasa niambie, mpango wako wa kumwacha afanye peke yake ni upi? Maana lazima ifike siku mkaachana."

Utani ukamtoka Corinne usoni. Swali hili alilijibu kwa dhati, kwa maneno aliyoyasema kila siku bila kusikilizwa.

"Mimi nataka aende nyumbani," akasema. "Nimemwambia mara nyingi. Hataki."

"Kwa nini hataki?"

"Nafikiri kwao hakuna mtu."

Mkaguzi akaacha kuandika. Jikoni mafuta yalikuwa yakichemka, na mtu mmoja akacheka huko nyuma kwa mambo yake mengine. Arlys alikuwa ameshika kitambaa, hajui akifunge au ajifute nacho. Kama angenyamaza sasa, labda mtu huyu angeandika mazuri na kwenda zake. Msaidizi bora, mteja anayepiga hatua, kila kitu sawa isipokuwa majina. Wazo hilo lilimpitia, tusimsingizie kwamba halikumpitia. Kisha akavua wavu wa nywele.

"Bwana," akasema, "mimi ndiye Arlys Budzinski. Kampuni ni yangu. Corinne ndiye mteja, na hiki nilichokalia ni kiti chake."

Bwana Roland akamtazama yeye, akamtazama Corinne, akarudi kwake. Rangi ikamtoka.

"Lakini huyu ameniambia..."

"Hujaniuliza nani ni nani," Corinne akasema. "Ungeuliza, ningekwambia."

"Nimekuchuchumalia," mkaguzi akamwambia Arlys kwa sauti ndogo. "Nimekupigia makofi. Mimi ndiye ninayewafundisha watu wasifanye hivyo."

"Hata mimi nimefundishwa," Arlys akasema.

Wakatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Kisha yule bwana akakumbuka serikali yake, akajinyoosha.

"Mama Budzinski, nikisema ukweli, nimekuja kuona huduma, nimemkuta msaidizi anafanya kazi ya mteja huku mteja amesimama. Hilo peke yake linatosha kuua kibali chako."

"Najua."

"Asubiri nje?" Corinne akauliza.

"Nani?"

"Arlys. Asubiri nje, mimi nifanye kazi yangu. Wageni wanaingia sasa hivi na wewe unaongea."

Bwana Roland akamtazama kwa makini, kama anamwona sasa hivi. "Ndiyo," akasema. "Asubiri nje."

Basi Arlys akaenda kukaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, pua kwenye kioo, injini inaunguruma, theluji inadondoka. Kupitia dirisha la mkahawa, katikati ya taa nyekundu za tangazo la bia, alimwona Corinne akikaa kitini. Akafunga cha kwanza. Akafunga cha pili. Mwendo wake uleule. Watu wakaanza kujaa. Duane alipita, akachukua rundo, akasema kitu, Corinne akacheka. Mkaguzi alikuwa amekaa pembeni na sahani ya samaki na chapati za viazi, anakula na kutazama.

Kisha Corinne akainuka na sinia, akageuka, akagongana na mgeni mmoja mnene, na sinia likaenda chini. Figili zikatawanyika hadi chini ya meza za watu.

Mkono wa Arlys ulishafungua mlango wa gari. Mguu mmoja ulikuwa kwenye theluji. Rafiki yangu, kwa mwanamke yule, kubaki ndani ya gari lile kulikuwa kugumu kuliko mafunzo, alama za vidole na dubu kwa pamoja. Akaurudisha mguu. Akaikalia mikono yake, kweli akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa biskuti. Huko ndani yule mgeni mnene alikuwa ameinama kwa taabu anaokota, na mkewe pia, na mhudumu mmoja kijana akaleta ufagio, na Corinne akiwaonyesha kwa kidole: ile pale, na ile. Hakuna aliyetazama huku na huku kumtafuta Arlys. Hakuna hata mmoja. Jambo hilo lilimuuma, na likamfurahisha, na hakupenda kwamba yalikuja pamoja.

Baadaye aliona mkaguzi akienda kwenye meza ya Corinne, akikaa, akiuliza kitu. Corinne akajibu kwa neno moja. Mkaguzi akauliza tena. Corinne akajibu kwa mengi, kwa mikono. Kisha akainuka, na mlango wa mkahawa ukafunguka, akatoka hadi kwenye gari bila koti. Arlys akashusha kioo.

"Vaa k—" akasema, na akaling'ata neno.

"Sina baridi," Corinne akasema. "Ameniuliza kama nataka uendelee kunisaidia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana."

Arlys aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na daktari.

"Nimekufukuza," Corinne akamfafanulia, asije akawa hajaelewa.

"Nimesikia, mpenzi. Corinne, samahani. Nimesikia, Corinne. Na yeye akasemaje?"

"Akacheka sana. Akasema ataandika ukubaliwe."

"Nikubaliwe? Si umenifukuza?"

"Ndiyo sababu. Akasema kazi yako ni kufukuzwa. Akasema wengine wanakaa miaka hakuna anayewafukuza." Corinne alijikumbatia mabega, maana baridi ilikuwapo. "Ila kuna sharti. Usije Ijumaa. Nikikuhitaji nitakupigia simu."

"Utanipigia lini?"

"Nikikuhitaji."

Arlys akashika usukani kwa mikono miwili.

"Nikamwambia pia akupeleke kwa Gail," Corinne akaendelea. "Gail alikuwa anakaa karibu na mimi kule karakana. Anataka kazi ya kuosha mbwa. Anaogopa kila kitu, kama wewe. Atakutaka umkae begani muda mrefu. Usikae muda mrefu, Arlys."

"Sitakaa."

"Utakaa. Lakini atakufukuza na yeye. Nitamwonyesha namna." Nyuma yake mlango ulifunguka na Duane akapaza sauti kwamba meza ya tisa haina visu. "Nakuja!" Corinne akamjibu, kisha akapiga bodi ya gari mara moja kwa kiganja. "Nenda sasa. Watu wana njaa."

Akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Arlys akapandisha kioo, akalia vizuri, kilio cha mtu asiyetazamwa na yeyote, kisha akarudisha gari nyuma na kuondoka bila kuangalia dirishani hata mara moja. Haya, mara moja aliangalia. Corinne alikuwa anafunga kisu, makali yakitazama uma.